Mzee wa Taa Alisema Nini

Jumatatu, 3 Machi

Mada ya mdahalo imetoka! Mwalimu wa Historia aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapangusa chaki mikononi, akatutazama kama mtu aliyeficha peremende: "Gemu za zamani husifiwa kwa sababu ya utoto wa wanaozisifu, si kwa ubora wake." Darasa likalipuka. Wavulana wa nyuma waligonga madawati. Hatimaye kitu wanachokijua.

Mwalimu akafafanua. Hasemi gemu za mpira wala za magari. Anasema zile za safari ndefu – unakuwa mhusika, unatembea kijiji hadi kijiji na wenzako, mnaongea na watu, mnapigana kwa zamu, mnazidi kupata nguvu, na hadithi inasonga kidogo kidogo. Eti yeye mwenyewe alizicheza ujanani. Hatukuamini. Mwalimu wa Historia! Na zile suruali zake zilizopigwa pasi hadi zina makali!

Tulivuta karatasi. Nimeangukia upande wa kupinga, maana yake nazitetea gemu za zamani. Anayeunga mkono ni Wakili. Tulimpa jina hilo darasa la tano kwa sababu hajawahi kushindwa ugomvi, hata na mpishi wa shule. Wenzangu walinionea huruma waziwazi. Mmoja alinipapasa bega kama niko msibani.

Lakini siogopi. Nafurahi hata! Maana nina shahidi. Nina Mama.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya shule nilipitia dukani. Mama ni fundi wa miwani. Anakaa chumba cha nyuma, penye mashine ya kunolea lenzi – maji yanachuruzika, jiwe linazunguka, lenzi inaingia duara na kutoka na umbo la fremu. Nilimkuta anakaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Wakati wa skrubu hasemeshwi. Nikasubiri.

Mteja mmoja alikuja kulalamika kwamba miwani yake ina ukungu, na huku anaipangusa kwa shati. Mama alitoka mbio. "Baba, shati tena? Hilo shati ni msasa! Unajikwangulia macho mwenyewe." Akampa kitambaa. Huwaambia wote hivyo. Hata daktari wa macho amewahi kuambiwa.

Nilipomtajia mada, Mama aliweka bisibisi chini. Mama! Bisibisi chini saa za kazi!

Hadithi naijua, lakini leo nilimwomba aisimulie yote. Walipokuwa wadogo, yeye na Mjomba walipata mtambo wa gemu wa mitumba na kaseti moja tu. Maandishi yake yote Kijapani – yale yanayofanana na ngazi na vibanda vidogo. Mama ndio kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Mjomba sauti ilishaanza kuvunjika. Na Mjomba, kwa akili zake, alijifundisha kusoma herufi hizo kutoka kwenye boksi la mtambo! Akawa anamsomea Mama kila mtu anachosema, kwa sauti yake na mwendo wake.

Alinisimulia Binti wa Kisimani, anayetupa kokoto kisimani kila asubuhi ili kaka yake aliyenaswa chini ajue kwamba kumekucha. Halafu akafika kwa Mzee wa Taa, anayesimama kwenye daraja. Hapo sauti ya Mama hubadilika kila mara. Maneno ya mzee anayajua kwa moyo:

"Nendeni. Mimi nabaki hapa kuishika taa. Mkigeuka nyuma mkaona mwanga mdogo, ndio mimi. Msipouona, msidhani nimeondoka. Ni ukungu tu umepita katikati."

Akavua miwani, akajifuta macho, akacheka. "Ona mtu mzima! Zako hizi za sasa, mwanangu, picha ni nzuri, jani kwa jani. Ila ndani hamna mtu."

Nimeandika kila neno. Nitamaliza hotuba yangu na Mzee wa Taa. Ukumbi mzima utalia, na Wakili atakuwa wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifanya kosa la kumsomea Wakili kipande cha hotuba. Tulikuwa kwenye ngazi za maabara, mapumziko.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole – na upole wake ndio wa kuogopwa – je, wakati huo Mama alikuwa na umri gani? Nikamwambia: mdogo, bila meno ya mbele.

"Basi, dada, angelia hata kwa tangazo la sabuni."

Ilinichoma. Kwa sababu swali ni la haki. Mama akiisifu gemu, anasifu gemu? Au anasifu sakafu waliyokalia, na kaka aliyekuwa karibu?

Njia ni moja tu: aicheze mtu asiye na utoto ndani yake. Yaani mimi. Na ajabu, Wakili ndiye aliyenisaidia! Kaka yake anajua vijana wanaozitafsiri gemu za zamani kwa Kiswahili, kwa mapenzi tu, na hiyo wanayo. Ataniletea kwenye flashi kesho. "Nataka nikushinde ukiwa umejiandaa," alisema. Mtu wa ajabu. Nampenda kidogo.

Nimemwambia Mama. Karibu amwage chai! "Kwa Kiswahili? Nitasoma mwenyewe?" Hapo hapo akampigia Mjomba, akaweka spika. Jumapili ya wiki ijayo aje, tuicheze wote, mwanzo hadi darajani.

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha Mjomba akasema, "Kwa Kiswahili. Haya." Basi.

Yeye si msemaji. Mama humtania: "Kaka, maneno yako unamwekea nani akiba?"

Jumamosi, 8 Machi

Mama yuko dukani. Nimecheza kuanzia asubuhi, kwenye kompyuta ya nyumbani. Naandika nikiwa na ganzi kwenye kidole gumba.

Kwanza, haki itendeke. Mtu wako anatembea kama aliyevaa viatu vya baba yake. Kila hatua chache anatokea konokono wa kupigana naye – tena konokono yule yule! Kila nyumba ina meza ile ile na sufuria ile ile. Kwa saa nzima nilimwona Wakili akitabasamu hewani.

Halafu nikatoka kijijini, muziki ukabadilika. Sijui niuelezeje. Ni vilio vya filimbi ya kompyuta tu, sauti chache zinazorudia. Lakini mbele ulikuwa uwanda wa kijani, mimi ni kitu kidogo katikati, na hakuna mshale wa kuniambia pa kwenda. Nikasikia hamu ya kwenda! Nikasahau chakula. Nilipopata mwenzangu wa kwanza nilipiga kelele peke yangu chumbani. Mimi sina kumbukumbu yoyote hapo. Ni gemu yenyewe iliyonishika. Nikasema, Wakili, umekwisha.

Nikafika kisimani. Binti amesimama pale. Nikabonyeza.

"Karibu. Maji haya hurudisha nguvu."

Nikabonyeza tena. "Karibu. Maji haya hurudisha nguvu." Kokoto hakuna. Kaka hakuna. Nikafikiri labda ni baadaye. Nikaenda. Na kila niliyezoea kumsikia kwa Mama alikuwa anasema jambo jingine, fupi, la kawaida. Njia ni huku. Usiku usitoke. Karibu tena.

Nikafika kwenye daraja. Muziki wa hapo ni mzuri kuliko wote, wa polepole. Ukungu unapita. Na mzee yupo! Ameshika taa! Nikabonyeza macho yakiwa nusu wazi.

"Daraja limefungwa. Mafuta ya taa yanauzwa hapa."

Nikabonyeza tena. Mafuta yale yale.

Kwanza niliwalaumu vijana wa tafsiri. Lakini kisanduku cha maneno ni kidogo. Nikalinganisha na picha za gemu ya Kijapani mtandaoni: mistari miwili kwa mzee, na hapa mistari miwili. Yale maneno yote ya Mama hayaingii humo hata ukiyasukuma kwa goti.

Kijapani Mjomba hakuwahi kukijua.

Mama amerudi, nasikia funguo. Atauliza.

Baadaye kidogo. Hakuuliza. Alitazama tu skrini iliyozimwa, akauliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata Mjomba kwenye jengo la ofisi karibu na shule. Ni fundi lifti. Alikuwa amekaa sakafuni ndani ya lifti yenyewe, milango wazi, nyaya zimetoka ukutani kama matumbo. Kibao mbele: LIFTI MBOVU, TUMIA NGAZI. Watu wanapita wakisonya, yeye hasikii.

"Ingia, mpwa wangu. Haiendi popote."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniruka yote. Nikasema, "Mjomba, mzee wa darajani anauza mafuta."

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Anacheka! Sijawahi kumwona anacheka hivyo.

"Mafuta? Kumbe muda wote ule alikuwa anauza mafuta?" Akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akajichora mstari mweusi shavuni. "Na yule binti?"

"Anasema maji yanarudisha nguvu."

"Basi?"

"Basi."

"Lahaula! Na mimi nikamtilia kaka mzima chini ya kisima!"

Akaniuliza mmoja mmoja. Chura wa getini je? Askari aliyelala? Nikamjibu wote, na kila jibu akatikisa kichwa kama anayepata habari za majirani wa zamani. Ndipo nikaelewa – hakuwahi kujua! Miaka yote hii, hata yeye alikuwa anatamani kujua walichosema.

Nikauliza kwa nini. Alifikiri, bisibisi mkononi.

"Aliniuliza, huyu anasema nini? Nikabuni moja. Akauliza la pili. Ukishaanza, utasimamia wapi? Na alikuwa anakumbuka kila kitu, mama yako. Nikikosea jina la mbwa ananisahihisha. Ilibidi nami niwe mwangalifu."

"Na mzee?"

Mtu wa usafi alipita na ndoo. Mjomba akangoja apite.

Mwezi ule alikuwa amepata nafasi shule ya bweni, mbali. Nyumbani wote walijua isipokuwa Mama. Bibi alimwambia, mwambie mwenyewe mdogo wako, anakusikiliza wewe. Akajaribu mezani, maneno yakamkwama. Akajaribu njiani kwenda dukani. Yakamkwama.

"Tukafika darajani. Kizee kile kimesimama na taa yake. Nikaona afadhali aseme yeye."

Alifuta bisibisi kwenye suruali.

"Siku naondoka hakulia," Mjomba alisema. "Aliniuliza tu: utaishika taa? Nikamjibu, nitaishika."

Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa amejaa grisi. Nikamkumbatia hivyo hivyo. Sare yangu imeharibika, sijali.

Kisha nikauliza lililonileta. Jumapili Mama atasoma mwenyewe. Tufanyeje? Nimwambie mapema? Niseme flashi imeharibika?

"Usimdanganye mama yako kwa ajili yangu," alisema. "Mmoja aliyemdanganya anatosha. Akikuuliza, mwambie. Asipouliza..." Simu ya kazi ikalia. Hakumalizia. Alirudi kwenye nyaya zake.

Jumatano, 12 Machi

Mama anaosha vyombo huku anaimba kwa pua. Nikatambua – muziki wa darajani! Kila sauti mahali pake. Hajausikia tangu utoto.

Akaniuliza, mgongo kwangu, kama nimeshafika.

Nikasema nimefika.

"Na mzee anasema vile vile?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nasema ukweli. Lakini kabla sijatoa neno, Mama alijiziba masikio kwa mikono yenye povu. "Usiniambie! Usiniambie, we mtoto! Utanimalizia utamu."

Povu lilikuwa hadi kwenye hereni. Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka vibaya.

Ijumaa, 14 Machi

Mdahalo umekwisha. Tumeshindwa, kwa kura chache. Naandika nikiwa mtulivu, jambo linalonishangaza.

Hotuba ya zamani niliichana jana. Wakili alifungua kwa kishindo. Alisema mtu akisifu gemu ya utotoni ni kama anayesifu nguo iliyomtosha zamani: hasifu kitambaa, anasifu mwili aliokuwa nao. Ukumbi ukapiga makofi. Hata mimi nilitamani kupiga.

Nikasimama. Nikasema nakubali, kumbukumbu hupamba. Nimecheza gemu ya mama yangu bila utoto wowote, na konokono wale wanachosha, na sufuria ni ile ile. (Wakacheka.) Lakini muziki wa kwenye daraja umenikaa kichwani tangu Jumamosi, nami sikuwahi kuusikia kabla. Uwanda ule uliniita bila mshale. Hayo si utoto wa mtu. Kuna aliyekaa akayatengeneza vizuri, kwa rangi chache na sauti chache.

Kisha nikasema lile nililoligundua usiku – yaani jana jioni – nikiwa napiga sare pasi. Gemu za sasa zinanipa mtu mwenye vinyweleo hadi kwenye mkono, na kila anachowaza amekwisha kukisema. Sina cha kumwongezea. Gemu ya zamani inanipa kidoti chenye taa na maneno machache. Kinaniachia nafasi. Nikabaki kujiuliza anaishi na nani, anakula nini, anamngoja nani. Gemu inayomwachia mchezaji nafasi kubwa hivyo, nikasema, si masikini. Ni mwenyeji mkarimu.

Nilikuwa na mfano bora kuliko yote. Mvulana, mdogo wake, daraja. Ulinifika kwenye ulimi. Sikuutoa. Si wangu.

Wakili akainua mkono. "Kwa heshima kabisa – unasifu gemu, au unamsifu aliyeicheza?"

"Eeeee!" ukumbi mzima.

Nikasema, "Sijui kama vinatenganishika."

Mwalimu wa Historia aliacha kuandika. Alitazama dirishani kidogo, kama kuna mtu anamwita kutoka nje. Kisha akaomba kura.

Wakili alinifuata nje akanigawia nusu ya maandazi – hapana, karibu yote. "Nimeshinda," alisema, "ila wewe ndiye uliyesikilizwa."

Nilimkubalia. Lakini mdahalo wangu hasa ni keshokutwa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye meza ya chakula. Wako mbele yangu, migongo kwangu, wamekaa sakafuni kama watoto ingawa viti vipo. Nimesema nafanya kazi ya shule.

Mjomba amekuja na shati jipya. Amekataa chai mara mbili.

Mama ameshika padi ya kuchezea. Anacheka konokono anapotokea. "Huyoo! Bado yuko hai huyu!" Anakumbuka njia yote, hata mlango uliofichwa nyuma ya maporomoko, ambao mimi sikuuona! Kijiji cha kwanza amesoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kwa sauti ile anayosomea vyeti vya miwani. Mjomba anatazama magoti yake.

Kisimani.

Mama amebonyeza. Amesoma, lakini safari hii kimya. Naona midomo inatembea. "Hm," amesema. Amebonyeza tena. "Hm."

Mjomba amefungua mdomo: "Mdogo wangu, kuna jambo—"

"Subiri, Kaka. Bado hatujafika."

Tangu hapo hasomi kwa sauti. Anawapita watu bila kubonyeza. Anawapungia tu mkono, mtu mzima huyu, anapunga mkono kwenye skrini.

Muziki umebadilika. Ni wenyewe. Ukungu unapita. Mama amemsimamisha mtu wake hatua moja kabla ya mzee, na ameacha padi mapajani.

Amevua miwani. Miwani aliyoikata mwenyewe, akaipima mwenyewe, ambayo hajawahi kuilalamikia hata siku moja. Anaipangusa – kwa gauni! Mama! Kwa gauni! Anapangusa taratibu, upande huu, upande ule. Hajaivaa tena. Ameikunja akaiweka mfukoni.

"Kaka," anasema. "Maandishi haya madogo. Sioni vizuri."

Mjomba amegeuka kumtazama. Mama hamtazami. Anatazama mbele, kwenye ule mwanga mdogo.

"Nisomee."

Amebonyeza. Kisanduku kimefunguka. Kutoka hapa mezani nakisoma chote: Daraja limefungwa. Mafuta ya

Mjomba amekohoa. Amesogea karibu na skrini, kidole chini ya mstari wa kwanza, kama mtu anayesoma kweli.